Sema Umetumwa na Kiguu

Kwa miaka sita makala zangu zote zilimalizika kwa sentensi moja: "Ukifika, sema umetumwa na Kiguu." Ukurasa wangu kwenye jarida uliitwa Kiguu na Njia, wasomaji wakanibatiza Kiguu, na kazi yangu ilikuwa kuwatafutia sehemu za mashambani ambazo watalii hawajazivamia. Kijiji chenye maporomoko yasiyo na geti. Kilima ambacho ukifika juu hukuti mtu anakuuzia vinyago.

Sentensi ile haikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa pambo. Msomaji alifika huko nilikomwelekeza, akasema ametumwa na Kiguu, na mwenye nyumba ya wageni akamuuliza Kiguu ndiye nani. Wakacheka wote wawili, mgeni akapewa ufunguo, yakaisha.

Mahali pamoja hayakuisha. Nasema mapema kwamba kosa ni langu, maana nina tabia ya kuzungukazunguka nikiwa na hatia, na safari hii sitaki.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba, baba akanipeleka kwa dada yake. Mume wa shangazi alikuwa stesheni masta katika kituo kidogo cha reli, huko ambako treni ilisimama mara mbili kwa wiki na mara nyingine ikasahau. Nyumba yao ilikuwa ndiyo kituo chenyewe. Chini ya paa moja kulikuwa na vyumba viwili vya kulala, chumba cha tiketi chenye kidirisha, na stoo ya mizigo yenye mizani ya chuma ambayo mtu mzima angeweza kusimama juu yake. Baadaye treni zikaacha kusimama kabisa, mzee akafariki, wenye reli wakasahau kwamba wana nyumba pale, na shangazi akabaki. Mimi nilishaondoka. Mwanzo nilirudi kila likizo, kisha kila mwaka, kisha nikawa mtu wa simu.

Makala ya kituo niliiandika mwaka jana, wakati wa mvua. Nilitakiwa niende kijiji fulani ng'ambo ya mto, daraja likachukuliwa na maji Jumatatu, na kurasa zilikuwa zinakwenda mtamboni Jumatano. Mhariri wangu ni mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Alisimama mlangoni akasema, "Saa kumi. Kurasa mbili." Nikavua viatu chini ya meza, nikaandika kituo cha shangazi kwa kumbukumbu. Ilinichukua saa mbili na nusu. Kumpigia simu ingenichukua dakika tano, na sikumpigia.

Niliandika reli iliyoota nyasi, ambayo unaweza kuifuata kwa miguu mpaka daraja la mawe na kuliona bonde zima bila kusikia sauti ya mtu. Niliandika mizani, na jinsi mama mwenye nyumba anavyokupima uzito siku ya kufika. Niliandika bomba la uani linalotoa maji baridi mchana kutwa. Niliandika kwamba kila asubuhi saa kumi na mbili utakuta mlangoni kwako beseni la maji ya moto, na kipande cha sabuni juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu ndivyo alivyoniwekea mimi kila siku ya shule. Kisha nikaandika: "Hapa mgeni hachoti maji." Sentensi hiyo niliipenda mno. Niliisoma kwa sauti peke yangu. Na mwishoni, mkono ukiwa umeshaizoea njia, nikamalizia: "Ukifika, sema umetumwa na Kiguu, yaani mimi, mtoto wa kaka yake."

Hakuna makala yangu iliyopendwa kama ile. Barua zilikuja mpaka mhariri akatenga droo. Watu wakaikata wakaiweka kwenye pochi. Wakaanza kwenda.

Sitasema sikujua. Shangazi ana simu ambayo haishiki mtandao mpaka asimame ukingoni mwa jukwaa, pale abiria walipokuwa wakisimama, na kila Jumapili alisimama pale akanipigia. "Wageni wako wamefika salama," alikuwa akisema. Au, "Wageni wako wa jana walikuwa na mtoto, amelala vizuri." Nami nikasema asante shangazi, wape salamu, huku jicho moja liko kwenye kompyuta. Nilimsikia anavyohema. Nikajiambia ni upepo. Kila mara nilimwambia nitakuja mwisho wa mwezi, na miezi nayo, kama mnavyoijua, haina haya, iliisha tu.

Miezi kumi baadaye mhariri aliniita. Jarida lilitaka kutoa kitabu cha makala zangu, na kituo cha shangazi kiwe sura ya kwanza, na picha ya nyumba kwenye jalada. Kilichokosekana ni karatasi moja tu ya ridhaa, yenye saini ya mwenye nyumba. Niliiweka mezani wiki nzima. Halafu nikampelekea dereva wetu, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, nikamwomba kwa kuwa anapita upande ule anisaidie kumfikishia shangazi.

Dereva aliigeuza karatasi, akanirudishia. "Shangazi yako ni huyu?"

"Ndiye."

"Aliyekulea?"

"Ndiyo, bwana."

"Na mimi ndiye nikamwone?" Akawasha gari. "Panda. Nitakushusha hapo, kesho mchana nikupitie."

Ndivyo nilivyorudi nyumbani baada ya miaka mitatu. Nilikuwa nimeshurutishwa, na karatasi ilikuwa ndani ya bahasha kwenye mfuko wa shati.

Nilifika saa tisa alasiri. Kwenye benchi la abiria walikuwa wamekaa watu wanne wenye kofia za jua. Mmoja, bwana wa kaptura na soksi ndefu ambaye baadaye nilijua ni mhasibu, aliinuka akanipa mkono kama mwenye mji.

"Karibu, karibu. Na wewe umetumwa na Kiguu?"

Mnajua nilijibu nini? Nilijibu, "Ndiyo."

"Safi. Basi nikupe taratibu." Akanishika bega. "Maji ya moto ni saa kumi na mbili kamili. Usichelewe, yanapoa, na si vizuri kumsumbua bibi apashe tena. Vyumba vimejaa, ila bibi hakosi pa kumweka mtu. Ukitaka kulipa atakataa. Anasema mtu hawatozi wageni wa mwanawe."

"Yuko wapi?"

"Kaenda kuchota maji."

"Si kuna bomba?"

Mhasibu alicheka. Akachomoa makala yangu kwenye mfuko wa plastiki, akaigonga kwa kidole. "Hapo tu ndipo Kiguu alipotupiga chenga. Bomba hilo lina miaka miwili halitoi hata pumzi. Bibi anachota kisimani, kule bondeni. Mara nane kwa siku, wakati mwingine kumi. Tulijaribu kumsaidia, hataki hata kusikia."

Nikaliacha begi pale pale, nikashuka. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya kisimani haikuwa fupi hata kidogo, na mawe yake yalikuwa yamelainika kwa kukanyagwa. Katikati ya mteremko nikamwona anapanda. Ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika, mwingine uko gotini, anausukuma mguu kila hatua kana kwamba si wake. Shangazi yangu ana miaka sitini na tisa. Nilimwacha akiwa mnene. Sasa gauni lilikuwa linamvaa yeye.

Aliponiona alisimama. Akaishusha ndoo mwenyewe, polepole, bila kumwaga tone, ndipo akaninyooshea mikono yote miwili.

"Umekuja."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Akanishika uso akaukagua huku na huku. "Umekuja kweli. Hukuniambia hata Jumapili."

Nikainama niichukue ndoo, naye akacheka, kicheko chake kile kile nilichokijua utotoni. "Haya, shika, mwenye nyumba. Tuone kama mjini wamekuachia shingo."

Hawakuniachia. Nilimwaga nusu yake njiani na nyingine ikaingia shingoni, na shangazi nyuma yangu alifurahi mpaka akakaa juu ya jiwe. Nitaikumbuka furaha ile. Ilidumu labda nusu saa, na nilikuwa nimeileta mimi.

Uani nilimuuliza tutalala wapi, nyumba ikiwa imejaa. Akanionyesha bila kuona aibu yoyote. Vyumba vyote viwili alivigawa kwa wageni, kitanda chake mwenyewe analala mhasibu na mkewe, na yeye amejitandikia mkeka kwenye chumba cha tiketi, chini ya kidirisha. Chumba kile hakimtoshi mtu mzima kujinyoosha. Nilipokuwa mdogo nilijificha mle na magoti yangu yakagusa ukuta.

"Shangazi, kwa nini hukuwakataa?"

"Niwakatae vipi? Wanakuja wanasema wametumwa na wewe. Mtu uliyemtuma nikimfungia mlango, nimemfungia nani?"

"Wengine wangefanya hata kazi kidogo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Ndiyo shida yao. Wote wanakaa siku mbili. Ya tatu wanaondoka wanakuja wengine, jembe halijapata mtu mpaka leo."

Tulicheka. Kisha akaketi kwenye ngazi ya stoo, akanyoosha mguu, akasema bila lawama, kama anayesimulia habari za jirani: "Mwanzo nilikuwa nawauliza habari zako. Nilidhani ni rafiki zako. Unakula vizuri? Kile kikohozi kimekwisha? Hakuna aliyejua. Mmoja akaniambia wewe ni mzee mwenye mvi nyingi, mfupi. Nikajua hawa hawajawahi kukuona."

"Na ukaendelea kuwapokea?"

"Wanakuja na karatasi yako. Miwani yangu ilivunjika, basi kila anayekuja namwambia anisomee. Wengine wanasoma haraka, wengine vizuri. Mwalimu mmoja aliisoma mpaka nikalia." Akanipapasa goti. "Umeandika vizuri, mwanangu. Sabuni juu ya kitambaa. Nilikuwa nimesahau kwamba unakumbuka."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, "Bomba nilikosea."

"Ah, hilo." Akapungia mkono. "Nilitaka kukwambia kwenye simu. Halafu nikaona, karatasi imeshatoka, watu wameshaisoma, nikikwambia utafanya nini? Utaaibika tu. Mgeni atafika hapa aseme mtoto wako ni mwongo. Nikaona heri maji yawepo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeandika uongo kwa uvivu, na mwanamke huyu alikuwa ameubeba kichwani kwa miezi kumi, mara nane kwa siku, ili uwe kweli. Kama angenitukana ningejua pa kujiweka. Alikuwa ananitazama kwa upendo, nami nilijiona kama mtu aliyekutwa na mkono kwenye chungu, akaambiwa ale, ashibe.

Ningemwambia pale pale. Naapa nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameshainuka, ananivuta mkono kuelekea kwenye mizani.

Ukutani, nyuma ya mizani, ziko alama zangu. Kila mwanzo wa mwaka alinipima akaandika kwa mkaa: kilo kumi na tisa, ishirini na mbili, ishirini na nne. Mwaka mmoja kuna thelathini na moja iliyokatwa, na pembeni ishirini na saba, kwa sababu nilijaza mawe mfukoni ili nionekane nimenenepa, nikagunduliwa. Tangu siku hiyo kulikuwa na sheria. Wageni nao walikuwa wamejiandika, juu ya alama zangu na katikati yake, kilo sabini, kilo tisini na mbili, hata mtu kunipata humo ilibidi atafute. Shangazi alinipata mara moja. Akaokota kipande cha mkaa, akatafuta nafasi chini ya ile ya mwisho, akasimama tayari.

"Panda. Kwanza toa vya mfukoni, wewe nakujua."

Nikatoa simu. Nikatoa funguo. Alikuwa anatabasamu, kiganja wazi, anasubiri mawe. Nikatoa bahasha.

"Na hii?"

"Karatasi tu, ya kazini."

"Inasemaje?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshamdanganya mhasibu, mtu nisiyemjua, bila sababu yoyote. Nikamsomea. Kwamba mimi, mwenye nyumba, naridhia nyumba yangu itajwe na picha yake itumike katika kitabu. Nikamweleza kitabu ni nini, na kwamba yeye ndiye sura ya kwanza, na wanahitaji saini kabla ya Ijumaa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alipindua kile kipande cha mkaa vidoleni.

"Kwa hiyo hii ndiyo iliyokuleta."

"Shangazi, nilikuwa nakuja tu, ila..."

"Nauliza tu." Sauti yake haikuwa na hasira. "Mimi nilidhani umekuja. Kumbe na wewe umetumwa."

Nikasema nisamehe. Nilisema mara tatu, nne, nikasema kitabu nitakiacha, karatasi nitaichana. Akaniambia nisiwe mtoto, kazi ni kazi, nilete kalamu. Akaweka karatasi juu ya bati la mizani, akaandika jina lake polepole, herufi kubwa, kama alivyofundishwa na mumewe kusaini hati za mizigo. Mkaa aliurudisha pale kwenye kona alipoutoa. Hakunipima.

Jioni ile alikuwa mkarimu kuliko nilivyowahi kumwona. Alinipa kiti. Alinikaribisha chakula kabla ya wengine. Aliniuliza kama chai imekolea, na nilipotaka kuondoa vyombo akasema, "Kaa, pumzika, umetoka mbali." Mhasibu aliyeketi mbele yangu alisema kwa kweli huduma ya hapa haina mfano. Chumba cha tiketi alinitandikia mimi. Nilipouliza yeye je, akasema atalala stoo, ameshazoea, na sauti ikafunga mjadala. Nililala na magoti yangu yakiugusa ukuta, nikapanga kuamka saa kumi na moja, nimtangulie kisimani, nijaze kila chombo cha nyumba ile kabla hajafumbua macho.

Nikapitiwa na usingizi.

Niliamshwa na mlango kugongwa kidogo, mara mbili. Nilipofungua hapakuwa na mtu. Chini palikuwa na beseni, mvuke unapanda, na juu ya kitambaa kilichokunjwa, kipande cha sabuni. Mbele ya mlango wa pili palikuwa na beseni kama lile, na mbele ya wa tatu jingine. Yalipangwa vizuri, na langu halikuwa na tofauti yoyote.

Mhasibu alipita na taulo begani. "Wahi, bwana, yanapoa."

"Mimi ndiye Kiguu," nilimwambia.

Alinitazama, miguu peku, shati la jana. Akacheka, akanipiga bega, akaenda kuoga.

Nilimkuta shangazi ukingoni mwa njia ya bondeni, anajikunjia ngata ya kuwekea ndoo. Nikaikimbilia ndoo, nikaikamata kwa mikono miwili.

"Nipe, shangazi. Nakuomba. Leo naenda mimi, na kesho, dereva akija nitamrudisha, nitakaa."

Aliitoa ndoo mikononi mwangu taratibu, kidole kwa kidole, kama mtu anayemwondolea mtoto kitu kinachoweza kumkata.

"Acha, mwanangu. Hapa mgeni hachoti maji," alisema. "Wewe mwenyewe uliandika."

Akaanza kuteremka, mkono mmoja gotini. Nikamfuata mikono mitupu.